Kumbukumbu za Wagonjwa Nazo ni Tiba

Wazazi wengi hapa Kilolo wakisikia kijana anataka kazi ya hospitali, huwaza udaktari au uuguzi tu. Mwezi huu tunapenda kuwaeleza kazi ya yule anayekaa nyuma ya dirisha la majalada, yaani mtunza kumbukumbu za afya. Mojawapo ya kazi zake ni kuupa kila ugonjwa namba yake.

Namba hizo ni zipi? Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon alitoa orodha ya sababu za vifo, ili nchi mbalimbali zihesabu kwa namna moja. Tangu 1948 orodha hiyo inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani, na magonjwa yasiyoua yamo pia. Toleo la kumi, liitwalo ICD-10, lilianza kutumika 1994. La kumi na moja lilianza rasmi Januari 1, 2022. Katika toleo la kumi, kisukari cha aina ya pili ni E11, na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni O72. Daktari wa Iringa akiandika O72, mwenzake wa Brazili anaelewa.

Je, namba inamsaidia nini mgonjwa? Zamani, katika hospitali moja tuliyofanya kazi, akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua tuliwaandika "upungufu wa damu" tu. Haukuwa uongo, kwani damu ilikuwa imepungua kweli. Lakini mwisho wa mwezi taarifa ilionyesha kwamba tatizo hilo halipo. Tulipoomba oksitosini zaidi, pamoja na jokofu la kuitunzia kwa nyuzi 2 hadi 8, tuliulizwa: wagonjwa wenyewe wako wapi? Kwenye karatasi hawakuwapo. Ilibidi tukae usiku tukipekua majalada moja moja hadi tukawapata. Kosa lilikuwa letu sisi wauguzi. Mtunza kumbukumbu hawezi kutoa namba ya jambo ambalo halikuandikwa.

Tena kuna suala la malipo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999. Kwa mwenye bima, hospitali hutibu kwanza ndipo hudai. Dai ambalo ugonjwa na dawa havilingani linaweza kukataliwa, na hospitali ya misheni ikikosa malipo, dawa hupungua. Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, hivyo kazi hii itahitajika zaidi.

Kijana husomea nini? Hujifunza viungo vya mwili na kazi zake, majina ya magonjwa, vitabu vya MTUHA, kompyuta na takwimu. Hufundishwa kusoma jalada lote, kuchagua ugonjwa mkuu, kuutafuta katika faharasa ya majina, kisha kuuhakikisha katika orodha kamili kabla ya kuandika namba. Wavivu huishia kwenye faharasa, na hapo ndipo makosa huanzia. Zaidi ya yote hujifunza kutunza siri. Anayesoma jalada la jirani yake hana ruhusa ya kulisimulia kisimani wala sokoni Ilula.

Marekani kazi ya kuandika namba hizi hujitegemea na ina mitihani yake. Hapa kwetu imo ndani ya kozi za kumbukumbu na taarifa za afya, kuanzia ngazi ya cheti hadi stashahada, na wapo wanaoendelea hadi digrii. Wazazi, kabla ya kuuza nyanya au viazi ili mlipe ada, hakikisheni chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET. Msitume fedha kwa mtu anayeahidi cheti cha haraka na ajira juu yake.

Kazi hii inamfaa kijana mtulivu, mwenye mwandiko safi, asiyeona haya kumrudia daktari na kumuuliza: "Hapa umeandika nini?" Swali hilo moja lingetuokolea usiku ule wa majalada.