Upungufu wa Mabaharia: Neno kwa Vijana na Wazazi wa Irente

Dominika ya pili ya mwezi Julai kila mwaka, Mama Kanisa huwaombea mabaharia, wavuvi na familia zao. Sisi tunaoishi Irente, juu ya milima ya Usambara, twaweza kudhani jambo hili ni la watu wa pwani. Lakini Bandari ya Tanga imo jimboni mwetu, na wengi wa vijana wetu hushukia huko kutafuta riziki.

Mwaka 2021, vyama vya wenye meli duniani, BIMCO na ICS, vilikadiria kuwa mabaharia walikuwa takriban 1,890,000, na kwamba walikosekana maofisa 26,240 wenye vyeti vya kimataifa. Mbona basi vijana wetu hawazipati nafasi hizo?

Kinachokosekana ni ujuzi uliothibitishwa. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978 humtaka afisa wa meli awe na masomo pamoja na mazoezi ya baharini. Masomo yanapatikana katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Lakini mwanafunzi anayetaka kuwa afisa wa sitaha anahitaji pia miezi isiyopungua 12 ya mafunzo melini, na nchi yenye meli chache za masafa marefu haiwezi kuwapatia wote nafasi. Kitabu kimesomwa, bahari haijasafiriwa.

Hapo ndipo matapeli hujipenyeza. Tuelewe vema: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Gharama anazoweza kubeba ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Kabla mzazi hajauza shamba au ng'ombe ili kumlipa wakala, aulize kwanza TASAC, mdhibiti wa usafiri wa majini Tanzania Bara.

Maandalizi huanza mapema. Anayetamani kazi hii asikimbie hisabati na fizikia shuleni.

Kanisa linafundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Kwa sababu hiyo Utume wa Bahari, ulioanzishwa Glasgow mwaka 1920, huwatembelea mabaharia bandarini na kutetea utu wao. Nasi katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuwasindikize vijana kwa sala na kwa ushauri wa kweli.

Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee.