Usifunge mbuzi kabla ya kumpandia majani

Katika mikutano ya koperative zetu kuzunguka Kisangani, kuanzia Lubunga ng'ambo ya mto mpaka barabara ya Ituri na ya Buta, kuna kesi moja inayorudi kila msimu: mbuzi ameingia kwenye mihogo. Mwenye shamba anadai, mwenye mbuzi anakana, chefu anakata amande, na msimu unaofuata tunaanza upya. Mama mmoja alituambia hivi: "Miye sina mbuzi hata moja, lakini shamba yangu iko na mbuzi ya kijiji nzima."

Tuliona hiyo ni kazi ya chefu. Sisi tulikuja kufundisha mbolea ya majani na mavi ya mifugo. Tulikosea, na hapa tunaeleza tulivyokosea ili wengine wasipoteze misimu miwili kama sisi.

Kwanza tuseme kwa nini mbolea inahitajika, maana wengi wanajibu kwamba pori liko, tutakata lingine. Udongo wa huku kwetu hauna akiba kubwa. Utajiri wake uko juu, kwenye majani yanayooza na kwenye miti yenyewe. Tukikata na kuchoma Januari au Februari, wakati mvua imepungua, majivu yanalisha mpunga na mihogo ya kwanza vizuri kabisa. Lakini azoti inaondoka na moshi, na mvua za kuanzia Machi zinasukuma majivu chini, mbali na mizizi. Mwaka wa pili au wa tatu magugu yanashinda, tunahama. Wazee wanasimulia pori lililopumzika miaka 15, hata 20. Siku hizi karibu na mji watu wanarudi palepale baada ya miaka mitatu, minne, au wanatembea saa mbili kutafuta msitu mpya na kurudi na gunia kichwani. Wenye bahati wanalipa toleka.

Jambo hili si geni. Kule Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa kwa kufuata mto, Wabelgiji walianzisha kituo cha utafiti cha INEAC mwaka 1933, ambacho leo ni INERA. Watafiti wake walipanga mashamba kwa vikanda vya mita 100 kutoka mashariki kwenda magharibi, kikanda kimoja kinalimwa, cha pembeni kinabaki msitu, ili msitu urudishe mbegu na jua liingie. Mambo ya serikali ya wakati ule yalikuwa ya kulazimishwa, pamoja na pamba, na wazee hawayakumbuki kwa furaha. Lakini hata mpango ule ulitegemea kitu kimoja: ardhi ya kupumzisha miaka mingi. Nani kati yetu, kilomita 15 toka mjini, bado anayo?

Kwa hiyo kipande cha kando ya nyumba lazima kilishwe. Tulichimba mashimo, tukajaza majani, maganda na mavi tuliyookota njiani. Mvua ilifanya iliyotaka, kwa sababu hatukuweka paa. Tulipofungua, nguvu ilikuwa imekwenda na maji. Kidogo kilichobaki tulikitia kwenye mihogo ya kuonyesha watu. Ilichipuka vizuri. Wiki chache baadaye mbuzi walikula vichwa vyote, mbele ya wageni tuliowaalika.

Ndipo tukageukia kibanda cha mbuzi. Sakafu inainuliwa kwa miti, angalau kufika magoti, ili mtu aweze kuvuta mavi na jembe kutoka chini. Kati ya fito moja na nyingine acha nafasi ya upana wa kidole: ikizidi hapo mtoto wa mbuzi anavunjika mguu. Paa litoke nje ya kuta, maana mavi yakinyeshewa ni kazi ya bure, kama ile ya mashimo yetu. Majani yasitupwe chini, yaning'inizwe. Maji na chumvi visikosekane. Mbuzi mpya akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine.

Ilikwenda vizuri mwezi mmoja. Halafu wamama wakatuita. Mmoja akasema: "Mulifunga mbuzi, sasa ni miye njo niko mbuzi. Kila siku kuzunguka kutafuta majani!" Alikuwa na haki. Mbuzi wa kilo 25 anataka karibu kilo tatu za majani mabichi kwa siku. Wanne ni kilo 12, na anayezibeba ni mama au mtoto aliyetakiwa kuwa darasani. Nyumba mbili walifungulia wanyama. Hatukuwalaumu.

Kumbe kinachotangulia ni chakula. Panda matete, yale marefu kama muwa, kwa vipande vya shina mvua zikianza, na subiri miezi mitatu hivi kabla ya kukata. Kwa mbuzi wanne tunahesabu kipande cha mita 30 kwa 30, kikisaidiwa na matembele na majani ya karanga baada ya kuvuna. Kwenye mpaka wa shamba panda leusena. Inarudisha azoti kwenye udongo, ila isizidi theluthi moja ya chakula cha mbuzi, inaweza kuwadhuru. Maganda ya mihogo wanayapenda sana, lakini ya mihogo michungu yaanikwe juani siku mbili, tatu, mpaka yakauke. Maganda mabichi na sombe mbichi ya muhogo mchungu vinaua.

Mavi yachanganywe na majani yaliyobaki, yakae chini ya paa miezi mitatu, yakigeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Ndoo moja kwa kila shimo la makemba, konzi mbili kwa kila shina la muhogo, mita moja kwa mita moja, karanga katikati. Tusidanganyane: mbuzi wanne hawalishi hekta. Wanalisha kipande cha nyuma ya nyumba, na kipande hicho hakihami.

Yule mama wa kwanza, asiye na mbuzi, amepatana na jirani. Yeye anapeleka matembele, anarudi na gunia la mavi, na makemba yake ya mwaka huu ni manene. Kesi yao bado iko kwa chefu. Amande haijalipwa.