Fidla ya Pili

Wenzangu wengi hunicheka wanionapo nimebeba fidla siku ya Jumamosi. Wengine huniuliza, "Hivi unapata raha gani katika zile kelele?" Swali hilo hata mimi nilijiuliza mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza. Kwa kuwa sasa nimepata jibu, nimeona ni bora niwaeleze wasomaji wa gazeti letu fidla ni chombo gani, na jinsi kilivyonifanya niupende muziki wa klasiki wa Ulaya, ambao zamani nikiusikia katika redio nilikuwa nikiifunga.

Fidla si ngeni kwetu Unguja. Wapenzi wa taarab ya asili wanaijua vizuri, na babu yangu aliipiga katika ujana wake. Yeye ndiye aliyenipa fidla ninayojifunzia.

Chombo hiki kina nyuzi nne, nazo kuanzia nene hadi nyembamba huitwa G, D, A na E. Hupigwa kwa upinde wenye singa za mkia wa farasi. Singa zikiwa tupu huteleza juu ya uzi wala hazitoi sauti ya maana. Kwa hiyo hupakwa utomvu mkavu wa msonobari, ili ziung'ate uzi, ziuvute na kuuachia mara nyingi sana katika sekunde moja. Mtikisiko huo hupita katika kibao chembamba kinachobeba nyuzi, ukaingia tumboni mwa fidla. Humo ndani mna kijiti kidogo kilichosimama baina ya ubao wa juu na ubao wa chini. Waitalia hukiita "roho", kwani kikianguka sauti nayo hufifia.

Taabu kubwa ya mwanafunzi ni vidole. Gitaa lina vyuma vya kuonyesha pahala pa kubonyeza, lakini fidla haina alama yoyote. Kidole kikisogea kwa upana wa punje ya mtama tu, sauti hupotoka. Basi nani atakayekwambia umepatia? Ni fidla yenyewe. Uzi wa A kwa kawaida hutegwa utikisike mara 440 kwa sekunde. Ukibonyeza uzi wa E kwa kidole cha tatu, ukapata A ya juu, ambayo ni mara 880 barabara, uzi wa A ambao hukuugusa nao huitikia. Ukikosea, hunyamaza. Siku niliyousikia mwitikio huo kwa mara ya kwanza ndipo nilipoanza kusikiliza kwa kweli.

Baadaye mwalimu wetu wa muziki alitugawa katika makundi mawili, mimi akanitia katika fidla ya pili. Niliona nimedharauliwa. Wenzangu wa fidla ya kwanza walipewa wimbo mtamu, na sisi tukapewa sauti za chini ambazo ukizipiga peke yako hazina ladha. Nikaenda kwa babu nikamwambia, "Shikamoo babu. Nimekuja kukurudishia fidla yako."

Babu aliniuliza sababu, nikamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Sisi katika taarab fidla zote zilifuata wimbo mmoja, kwa hiyo hiyo ya pili mimi siijui. Nenda kwanza kamuulize mwalimu wako kazi yake ni nini. Ukishajua, ndipo uache."

Nikamuuliza. Mwalimu hakunijibu kwa maneno, bali alinisikilizisha kazi ya Mjerumani Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685 na kufariki mwaka 1750. Kazi hiyo imeandikwa kwa fidla mbili zikisindikizwa na kundi la vyombo vingine. Katika sehemu ya kati, ambayo huenda polepole, fidla moja huanza kuimba. Baada ya kitambo kidogo ya pili huingia na wimbo ule ule kwa sauti ya juu zaidi, na ile ya kwanza kuingia haikomi, bali huendelea na maneno mengine chini yake. Huachiana na kupokezana hivyo mpaka mwisho. Nilipomuuliza mwalimu ni nani aliyeanza, alinionyesha karatasi. Aliyeanza ni fidla ya pili!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa njia nyingine. Antonio Vivaldi wa Venice alitoa kazi zake za Majira Manne mwaka 1725. Katika majira ya machipuko yupo mchungaji wa mbuzi aliyelala, na fidla inayoongoza huimba usingizi wake. Chini yake viola, yaani dada mkubwa wa fidla, hurudia sauti fupi nzito tena na tena. Huyo ni mbwa anayebweka. Zamani nisingemsikia kabisa, maana sikio langu lilikuwa likimfuata kiongozi tu.

Basi mwenzangu, ukitaka kuujaribu muziki huu, usichague kazi ndefu. Chukua kipande kifupi ukisikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata sauti ya juu, mara ya pili fuata ya chini, na mara ya tatu zisikilize zote pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ile kazi ya Bach nilimpelekea babu. Aliisikiliza amefumba macho, na ilipokwisha akasema nirudie. Fidla yake bado ninayo, na kila Jumamosi ningali katika kundi la pili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu