Lugha Zinazokwisha Majumbani Mwetu

Sinza, jijini Dar es Salaam, ilipopimwa viwanja katika miaka ya 1970, kwa mradi wa Serikali uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ardhi iliyokuwa ya Wazaramo ilipokea Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa na Wapare, wakajenga ukuta kwa ukuta. Na kwa kuwa hapakuwa na lugha ya kabila moja iliyoweza kuwatosheleza wote, Kiswahili, kilichokwisha kutamalaki sokoni na ofisini, kikaingia barazani, na kutoka barazani kikapita mlangoni hadi vyumbani. Hiyo ni neema ambayo mataifa mengi huitamani, wala makala hii haikusudii kuikufuru. Lakini Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na wanazuoni wa lugha wanatuhadharisha kwamba nyingi katika hizo zinadhoofika pasipo vita wala amri, ndani ya nyumba zenye mapenzi, kwa hiari ya wazazi wenyewe.

Mwaka 2003 jopo la wataalamu wa UNESCO lilitaja vigezo 9 vya kupimia uhai wa lugha, na cha kwanza ni hiki: je, wakubwa wanawarithisha wadogo? Idadi ya wasemaji peke yake hudanganya. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ni kiasi cha watu elfu moja tu, na lugha yao yenye sauti za vidoko haijathibitishwa kuwa na nasaba na lugha nyingine yoyote duniani. Hata hivyo watoto wao bado wanakua nayo. Wazaramo, ambao huhesabiwa kwa malaki, wamezungukwa na jiji lililotanda juu ya mashamba yao, na wajukuu wengi waliozaliwa mjini hawana katika Kizaramo ila majina, salamu na nyimbo za ngoma.

Mauti ya lugha huja kwa daraja. Kizazi cha kwanza husema lugha ya kwao na kujifunza ya mji. Cha pili huisikia ya wazazi na kuifahamu, lakini hujibu kwa ile ya mji. Cha tatu hakisikii wala hakijibu. Profesa Herman Batibo, Mtanzania aliyeandika kitabu juu ya kufifia kwa lugha za Afrika mwaka 2005, alionyesha kwamba lugha ndogo za bara hili aghalabu hazimezwi na lugha za Ulaya bali na lugha kubwa za Kiafrika zilizo jirani. Wala si Kiswahili pekee kimezacho: Waasa, wawindaji walioishi pamoja na Wamasai kaskazini mwa nchi, waliacha lugha yao ya Kikushi wakashika Kimasai, na katika miaka ya 1970 wasemaji wake wa mwisho wakafariki.

Juhudi za kuhifadhi zipo, na baadhi yake zimefanyika karibu na Sinza, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2001 wanazuoni wa huko, kwa msaada wa Sweden, walianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania, wakazunguka mikoani kuhesabu lugha na wasemaji wake, wakatoa sarufi na misamiati, ukiwamo wa Runyambo wa Profesa Josephat Rugemalira, na mwaka 2009 wakachapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 nayo huziita lugha za jamii hazina, na kuhimiza zitafitiwe na kuandikiwa kamusi. Ilhali shule na redio huendelea kwa Kiswahili na Kiingereza.

Kazi hiyo ina thamani isiyokadirika, ila tusichanganye kuhifadhi na kuhuisha. Katika Kijiji cha Makumbusho, jirani yetu Kijitonyama, msonge wa Kihaya husimama imara ingawa hapana Mhaya alalaye ndani yake; lugha haiwezi kusimama hivyo. Wamaori wa New Zealand waliitambua siri hiyo: mwaka 1982 walifungua shule za chekechea ambamo mabibi na mababu waliwalea watoto wachanga kwa Kimaori peke yake, wakiruka kizazi cha kati kilichokwisha kuipoteza lugha, na miaka mitano baadaye sheria ikaifanya kuwa lugha rasmi ya nchi.

Nasi hatuhitaji kungoja sheria. Uchunguzi wa malezi umethibitisha kwamba mtoto hupokea lugha mbili au tatu kwa pamoja bila ya dhara, mradi kila moja aisikie kwa wingi kutoka kwa mtu anayempenda. Kwa hiyo hofu kwamba lugha ya bibi itamharibia mtoto Kiswahili chake, au itampunguzia maksi darasani, haina msingi. Basi enyi wazazi wa Sinza, Kiswahili kitalindwa na taifa zima, lakini lugha ya ukoo wenu haina mlinzi ila ninyi: bibi ajapo kutoka shamba, msimwombe aseme Kiswahili na wajukuu.