Mwacha Asili, au Aliyenyimwa Asili?

Kila mwaka, msimu wa mitihani ukikaribia, walimu wa Kiswahili huitoa tena kabatini ile methali isemayo "Mwacha asili ni mtumwa" na kuwataka wanafunzi waitungie insha. Visa vinavyorudi havitofautiani sana. Kijana anaondoka kijijini, anaonja anasa za mjini, anaidharau lugha ya wazazi wake, na mwishowe ulimwengu unamfunza. Insha hupata alama zake, methali ikarudishwa kabatini, wala hakuna anayeuliza swali ambalo, kwa sisi tunaofundisha ng'ambo hii ya bara ya Mombasa, lilistahili kutangulia: mtoto huyu aliiacha asili hiyo lini, ikiwa hakukabidhiwa?

Katika darasa ninalolifundisha wamo wenye majina ya Kijaluo, ya Kiluhya, ya Kikamba, ya Kitaita, na wachache ambao majina yao hayamwambii mtu chochote. Babu zao waliletwa na kazi: reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini, na kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa Changamwe mwaka 1963 kikafanya kazi hiyo hadi mwaka 2013. Baba zao walizaliwa Magongo, Chaani au Mikindani. Wao wenyewe huota kwa Kiswahili. Desemba ikifika huambiwa kwamba wanakwenda "nyumbani", mahali ambapo wakishuka garini huhitaji mkalimani ili wamwamkie nyanya yao mzaa baba.

Hapa lugha yetu ina kejeli yake. Neno bara kwa mtu wa Mombasa lina maana mbili: ng'ambo ya kivuko, na kule mbali reli inakoelekea. Mtoto wa Changamwe ni mtu wa bara kwa maana zote mbili anapokuwa hapa. Akifika Siaya au Kakamega, anageuka kuwa mtu wa Mombasa, na binamu zake wanamcheka anavyolitamka jina lake mwenyewe. Jina lenyewe la Changamwe, kwa taarifa ya wanaodhani kwamba mtaa huo ulianza na reli, ni la watu. Wachangamwe, Wakilindini na Watangana ndio Thelatha Taifa katika Waswahili wa Mombasa. Wanafunzi wangu wengi huduwaa wakiambiwa hivyo, kwani katika maisha yao Changamwe imekuwa kituo cha matatu tu.

Hata hivyo, mfano ulio bora wa jambo ninalolisema uko Kisauni. Makondakta hulitaja jina lake mamia ya mara kwa siku: Kengeleni. Kengele hiyo ipo kweli, imesimama kando ya barabara, na wanaopita chini yake kwenda sokoni Kongowea pengine hawakumbuki mara ya mwisho walipoinua macho kuitazama. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alikubali, kwa shinikizo la Waingereza, kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi, na watu waliokutwa ndani yake walihitaji mahali pa kuwekwa. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society, wakiongozwa na William Salter Price, walianzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa, wakakiita Frere Town kwa heshima ya Bartle Frere, aliyekuwa ametumwa Zanzibar kuutafuta mkataba ule. Walioletwa pale walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa pande za Nyasa na wengineo, wengi wao wakiwa watoto. Kengele ilikuwa ya kuwatahadharisha wakaazi pindi wawindaji wa watumwa wakionekana.

Kijiji hicho kilikuwa na walimu wake walioletwa kutoka mbali zaidi. Hao walikuwa Waafrika waliokombolewa baharini utotoni, wakapelekwa India na kulelewa Nasik, karibu na Bombay, kisha wakarejeshwa pwani yetu wakiwa mafundi na wainjilisti. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walitawazwa kuwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Tazama majina hayo, msomaji. Mwingine wa kundi hilo la Nasik alikuwa mmojawapo wa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873, naye akaishi hadi uzeeni hapa Mombasa alikofariki mwaka 1935. Dunia ilimjua kwa jina la Matthew Wellington. Jina alilopewa na wazazi wake Wayao lilikuwa Chengwimbe.

Sasa turudi kwa methali yetu. Nani aliacha asili hapo? Chengwimbe hakuliacha jina lake njiani kama mtu aachavyo mzigo uliomchosha. Alitekwa, akauzwa, akakombolewa na mataifa ya mbali, na kila mkono uliompokea ulimwondolea kitu. Methali inasema kuwa anayeacha asili huwa mtumwa. Frere Town inatuonyesha kwamba utumwa ndio uliotangulia, na asili ikapotea baadaye. Mwanafunzi atakayeliona hilo katika insha yake nitampa alama kwa furaha, hata kama mwongozo wa kusahihisha haukulitarajia.

Watu wa Frere Town, ambao Mombasa iliwaita Wamisheni, walikifanya Kiswahili kuwa lugha yao, na baadhi yao wakakitumikia kuliko wengi wa waliozaliwa nacho. James Juma Mbotela, mtoto wa kijiji hicho, aliyakusanya masimulizi ya wazee wake waliokombolewa akayatia katika kitabu, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa mwaka 1934 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi. Kitabu hicho kina kasoro yake, nayo si ndogo. Kinawashukuru Waingereza kupita kiasi, na msomaji wa leo humaliza kurasa kadhaa akitamani mwandishi angalau anung'unike. Lakini Mbotela alifanya jambo ambalo wasomi wengi waliokuja kumkosoa hawakulifanya: alikaa na wazee akawauliza walikotoka, nao wangali hai. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940 na kufariki Februari 2025, ndiye mtangazaji aliyeiuliza Kenya nzima redioni kwa miongo mingi, "Je, huu ni ungwana?" Mwungwana, katika Kiswahili cha kale, ni mtu asiye mtumwa. Kwamba swali hilo lilitoka kinywani mwa mzao wa mateka, ni jambo ambalo sisi walimu tungelizungumza zaidi.

Nimezungumza na familia kadhaa za Kisauni zenye asili hiyo, na nimeona kwamba wanaojua habari za wazee wao ni wachache. Kilichowanyamazisha ni haya. Neno mtumwa lilikuwa tusi mjini Mombasa, na bado ni tusi. Mzee aliyejua kwamba mama yake alishushwa jahazini akiwa na kovu la mnyororo aliona ni afadhali wajukuu waseme tu kwamba wao ni watu wa Kisauni. Alikuwa akiwakinga.

Ng'ambo ya pili, Likoni, kuna ukimya wa aina nyingine, na chanzo chake ni hofu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, uchaguzi mkuu ukikaribia, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na katika siku zilizofuata watu walioitwa wa bara walishambuliwa, nyumba na vibanda vyao vikateketezwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu wakayahama makao yao. Wengi walikimbilia ua wa kanisa Katoliki la Likoni wakalala hapo na watoto wao. Waliambiwa warudi kwao. Je, kijana aliyezaliwa Likoni, na ambaye baba yake pia alizaliwa Likoni, arudi wapi? Mzazi mmoja aliyeyaona hayo aliniambia kwamba watoto wake aliowapata baadaye amewapa majina ya kidini peke yake, na nyumbani hasemi nao ila Kiswahili. Sababu yake ilikuwa fupi: "Mwalimu, jina liliniuza mara moja." Wa kumwambia mzee huyo kwamba mwacha asili ni mtumwa, mimi simo.

Kutoka Likoni, barabara ya kusini inafika Kwale, nako kuna Wamakonde. Babu zao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Hawa waliishika asili yao kwa mikono miwili: lugha, ngoma na uchongaji. Malipo yake yalikuwa kuhesabiwa wageni katika nchi waliyozaliwa. Bila kitambulisho, kijana wao aliyemaliza shule hakuweza kuajiriwa kihalali wala kufungua akaunti ya benki. Oktoba 2016 walitoka Kwale kwa miguu hadi Nairobi kuomba wasikilizwe, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu walifuata kwa kutambuliwa mwaka 2023. Naitaja habari hiyo kwa sababu wapo wanafunzi wanaoamini kwamba asili ni suala la ngoma na vyakula vya siku ya tamasha. Kwa Mmakonde, kutajwa kwa kabila lake kulikuwa suala la mkate.

Basi ninachokishikilia ni hiki. Mtoto wa huku anapouliza "Sisi ni nani?", haulizi kwa kuwa ameasi, na wala hastahili kuhubiriwa. Anauliza kwa sababu kuna mtu katika ukoo wake aliyenyamaza, pengine kwa haya, pengine kwa hofu, na mara nyingi kwa mapenzi. Kazi ya mwalimu ni kumsaidia amfikie mtu huyo kwa adabu. Sera zetu za elimu zimesema tangu zamani kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule; mijini lugha hiyo ni Kiswahili, na silalamiki hata kidogo. Lakini hakuna sera inayomkataza mwalimu wa Kiswahili kumwambia mwanafunzi aandike, kwa Kiswahili hichohicho, kisa cha jinsi ukoo wake ulivyofika Miritini au Mtongwe.

Muhula uliopita nililijaribu jambo hilo na kidato cha pili. Niliiweka methali kando, nikawataka kila mmoja amwulize mtu mzima kuliko wote katika ukoo wake maswali manne: ulizaliwa wapi, nani alikuwa wa kwanza kuja Mombasa, alikuja kwa kazi gani, na jina lako lina maana gani. Niliwaonya kwamba mzee akikataa kujibu, wamwandikie hivyo hivyo na wasimsumbue. Kazi zilizorudi zilikuwa na makosa mengi ya sarufi kuliko insha za kawaida, na nilizisoma zote kwa kituo kimoja. Msichana wa Chaani aligundua kwamba jina alilolionea haya ni la nyanya ya baba yake aliyekuwa mkunga. Mvulana mmoja wa Kisauni alipata majina ya wazee watano, na juu kabisa, mahali pa wa sita, babu yake alimwambia aandike "aliyetoka melini". Kijana wa tatu alileta ukurasa wenye sentensi moja: "Babu amesema nimwulize tena likizo ya Agosti."

Huyo sijamsahihishia bado. Nimemwekea ukurasa wake mezani, na muhula huu nakusudia kuwapeleka wote Kengeleni, kisha tukijaliwa nauli tufike Rabai, ambako koo za waliokombolewa na Wamijikenda zimekaa pamoja tangu karne ya 19. Walimu wa shule jirani watakaopenda kuandamana nasi wanakaribishwa; basi lina nafasi, ila kila mtu aje na daftari lake.