Aspirini Haimkingi Mwenye Moyo Unaopapatika

"Daktari, aspirini ndogo nameza, kitunguu saumu natafuna kila asubuhi. Hii dawa nyingine ya nini tena?" Swali hili limenichosha. Anayeuliza tayari kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kimeonyesha mapigo yake hayana mpangilio, yaani moyo unapapatika, na hatari yake ya kiharusi ni takriban mara tano ya mwenye mapigo ya kawaida. Bado anamwamini jirani.

Aspirini huzuia chembe sahani zisishikamane. Inamfaa aliyepata shambulio la moyo, kwa sababu bonge lake lilijengeka juu ya mshipa uliochubuka ndani. Bonge la moyo unaopapatika ni jingine kabisa. Chumba cha juu cha kushoto kinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama kwenye kifuko chake cha pembeni, na ikituama inaganda kwa nyuzi za faibrini. Aspirini haizigusi nyuzi hizo. Bonge likichomoka, mara nyingi huishia ubongoni.

Utafiti wa AVERROES wa 2011 ulilinganisha aspirini na apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa wagonjwa zaidi ya 5,500 wenye moyo unaopapatika ambao warfarini, dawa nyingine ya aina hiyo, haikuwafaa. Kwa mwaka, kiharusi au bonge lililoziba mshipa mwingine liliwapata asilimia 3.7 ya waliomeza aspirini, na asilimia 1.6 ya waliomeza apiksabani. Kuvuja damu kukubwa kulikaribiana. Kwa hiyo wewe unayeniambia aspirini "ni nyepesi" unabeba hatari ya kuvuja damu, kinga huna! Na vidonge vya kitunguu saumu ukivichanganya na warfarini, unaongeza hatari hiyohiyo.

Basi ufanye nini? Ikiwa moyo wako unapapatika, nawe una miaka 65 au zaidi, au una presha, kisukari, moyo ulioshindwa kazi au kiharusi cha zamani, ulizia dawa ya kuzuia damu kuganda. Apiksabani na rivaroksabani hazihitaji kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ila figo zipimwe na dozi isirukwe, maana nguvu yake huisha upesi. Ikiwa homa ya baridi yabisi imebana valvu yako ya mitrali, dawa yako ni warfarini, INR kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu kula, kwa kiasi kisichobadilika sana. Presha ishuke. Usiache dawa kwa sababu unang'oa jino kabla hujauliza.

Uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla, familia isimpe mgonjwa aspirini, kwani huenda ni mshipa uliopasuka. Akimbizwe hospitali, na mtaje dawa anayotumia na saa aliyoimeza mara ya mwisho.