Je, Wajua? Uchafu, Udongo na Tope la Mwanza

Je, wajua kwamba mvuvi wa Kirumba akisema "ziwa limechafuka" hazungumzii takataka? Anakwambia upepo umeamka, mawimbi ni makubwa, mtumbwi usitoke. Tumbo nalo huchafuka, hali ya hewa huchafuka, na mwenye kichefuchefu husema moyo unamchafuka.

Je, wajua kwamba maji ya ziwa yanayong'aa yanaweza kuwa na kichocho? Mayai hutoka kwenye kinyesi cha mtu, huanguliwa majini, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi isiyo na hata mchubuko. Mama anayefua akiwa majini hadi magotini anautoa uchafu kwenye nguo, na wakati huohuo anaingiwa na mwingine asiouona.

Je, wajua kwamba sakafu ya Ziwa Victoria iliwahi kuwa nchi kavu? Chini ya tope wanasayansi walikuta udongo wenye alama za mizizi. Miaka 15,000 hivi iliyopita, ziwa lilikauka.

Je, wajua kwamba Wasukuma hawaiti udongo wote udongo tu? Shuka kutoka kwenye mawe ya kilima uone. Juu ni luseni, mchanga mwepesi unaofaa mihogo na karanga. Chini yake ni itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana maji hutuama vizuri kwenye majaruba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi: kiangazi hupasuka nyufa za kupitisha mkono, masika hunasa kiatu ukakiacha hapohapo. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliupa mfuatano wa namna hii jina la katena, na leo dunia nzima hulitumia. Kwangu mimi, mkulima anayeitambua itogolo kwa ncha ya jembe ni mtaalamu vilevile.

Je, wajua kwamba Geita mchanga uliokwisha kuoshwa una bei? Wachimbaji wadogo huuita marudio, na huchenjuliwa tena kutafuta dhahabu iliyobaki.

Je, wajua kwamba pemba, udongo wanaoupenda wajawazito wengi, si salama kila mahali? Utafiti uliochapishwa 2014 ulipima udongo unaoliwa katika maeneo ya wachimbaji hao na kukuta arseniki. Dada, ukiingiwa na hamu ya udongo mwambie nesi kliniki, hakuna aibu.

Je, wajua kwamba kwenye vilima vya Igogo, Mabatini na Kilimahewa kuchimba choo kirefu ni shida, kwa kuwa jiwe liko karibu mno? Mvua zikinyesha, majitaka huteremka kwa majirani wa chini, mengine hadi Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani. Ndiyo maana MWAUWASA, mamlaka ya maji, ilitandaza huko mabomba membamba yanayopenya kati ya nyumba na nyumba, mteremko wenyewe ukiyasukuma majitaka hadi bomba kuu.